Kigiriki cha Nevena

Jumatano, 19 Oktoba

"Mtu aliyepita hamsini hajifunzi lugha, jirani. Anajifunza kuagiza kahawa tu." Ndivyo alivyosema Pandelis leo asubuhi kwenye ngazi, mkate kwapani, mbele ya mama wa ghorofa ya pili. Uongo mtupu! Kwanza, nina miaka hamsini na sita, si mia. Pili, nimekuwa mhariri wa gazeti miaka ishirini na miwili, na nimesoma vitabu ambavyo Pandelis hata kuvinyanyua hawezi. Tatu, kahawa yenyewe siagizi. Aliyekuwa akiagiza ni Nevena.

Hoja ya tatu imenigeukia. Basi, ibaki.

Nevena ametimiza wiki nne kaburini leo. Miaka sita nimeishi Thesaloniki kwa ulimi wake. Mkate, umeme, daktari, mwenye nyumba: yote aliyasema yeye. Mimi nilikikataa Kigiriki kwa msimamo. Lugha yangu ina washairi wake na matusi yake, haihitaji kuazima. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike barua mbili tu na dunia nzima inazisoma. Mimi nimeiandikia manispaa yao kumi na saba, kwa Kibulgaria fasaha, kuhusu taka, mbwa na kengele. Hawajajibu hata moja.

Jana nilikuwa napanga nguo zake. Chini ya skafu za baridi, daftari. Mwandiko wake. Kurasa arobaini na tatu. Zote kwa Kigiriki! Mke wangu, Mbulgaria wa Asenovgrad, kaandika siri zake kwa lugha nisiyoijua. Nusu ya herufi naweza kuzisoma, kwa sababu ni ndugu za herufi zetu (nani alimpa nani, tubishane siku nyingine). Jina langu nimeliona ukurasa wa kwanza mara tatu. Na karibu na jina langu, tena na tena, herufi P yenye nukta. Ile P iliyo kama mlango, kwao na kwetu ni moja.

Nani katika jengo hili anaanzia na P? Pandelis! Mgane, mwendesha winchi mstaafu wa bandari, anaishi chini yangu, ana sharubu.

Nilikosea kushuka na daftari mkononi. Aliliona. Akasema atanisomea lote kwa muda wa kikombe kimoja. Anajua Kibulgaria cha bandarini alichookota kwa mabaharia wetu: namba, mizigo na matusi. Nikamjibu kwamba nitasoma mwenyewe. Ndipo akatoa ile kauli ya kahawa.

Arobaini ya Nevena ni Jumapili ya tarehe thelathini. Watu husema roho huzungukazunguka nyumbani siku arobaini, ndipo inaondoka. Mimi siamini mambo hayo. Lakini kama yumo humu ndani, na ameandika jambo juu yangu, nina haki ya kumjibu kabla hajaenda. Siku kumi na moja. Zinatosha na kubaki.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mpango! Majasusi wa dunia hawakuwahi kufikiria bora kuliko huu.

Nimechagua mstari mmoja wa ukurasa wa kwanza, ule mfupi wenye P. Nimenakili kila neno kwenye karatasi yake. Kila karatasi nampelekea mtu mmoja, mbali na mwenzake. Hakuna atakayepata maneno mawili. Hakuna atakayejua sentensi. Nami nitajifunza Kigiriki na mji kwa pamoja, kwa miguu.

Karatasi ya kwanza: muuza samaki, soko la Kapani. Akafuta mikono, akasoma, akaniangalia, akaweka kidole mdomoni. Yaani ninyamaze! Mimi, mteja! Nikamwambia anyamaze yeye. Akarudia kidole. Nikamweleza historia ya Balkani tangu karne ya tisa. Wauzaji wa pembeni walipiga makofi, sijui upande wa nani. Nimeondoka bila samaki na karatasi imebaki kwake.

Karatasi ya pili: mlinzi wa lango la bandari. Huyu mstaarabu. Akasoma, akatabasamu, akaonyesha kidole chini, penye viatu vyangu. Nikasogea. Akaonyesha tena chini. Nimeandika: "chini".

Karatasi ya tatu: muuza tiketi za bahati nasibu, penye lile tao la Warumi. Akasoma, kisha akagusa tiketi zake moja moja: hii, na hii, na hii, na hii. Mfanyabiashara! Nimenunua mbili ili anijibu. Akazidi kugusa nyingine.

Miguu inauma. Nevena alikuwa anatembea njia hizi kila siku na sikuwahi kumuuliza viatu vyake vikoje.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimekaa na matokeo kama mhariri. Mstari unasomeka hivi: "Hii na hii na hii, P., nyamaza, chini."

Lipo wazi kama jua. Mwanamke anamwambia Pandelis anyamaze, mara hii na hii na hii. Wapi? Chini. Na Pandelis anaishi wapi? Chini!

Nimeteremka kuomba chumvi, kwa upelelezi. Nimeona! Juu ya kabati lake, sahani ya Nevena yenye mstari wa buluu, ile aliyokuwa anatilia banitsa, andazi letu la jibini. Nikaionyesha bila kusema neno. Pandelis akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema sahani ya jirani hairudishwi tupu, na yeye kupika hajui, basi tangu Agosti anajaribu kutengeneza keki ya kuweka juu yake na kila mara inaungua. Akafungua oveni nione. Kweli kulikuwa na kitu cheusi.

Utetezi dhaifu. Nimeuandika.

Nimepanda na chumvi. Nyumbani tunayo chumvi, pakiti tatu. Alikuwa ananunua kwa tatu tatu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi.

Nilipita mkahawa wa pembeni, ambamo Pandelis huchezea dadu na wenzake. Juu ya meza, kati ya vikombe, karatasi zangu tatu. Zimepangwa kwa mstari! Muuza samaki ni mtoto wake wa ubatizo. Mlinzi wa lango alifanya naye kazi miaka thelathini. Muuza tiketi hucheza dadu hapo hapo na daima hushindwa. Mji wa watu milioni moja, na wote ni ndugu wa Pandelis.

Nilipoingia wakaweka dadu chini. Mmoja akanong'ona maneno ambayo hata mimi nimeshayazoea, "Ndiye huyu, mume wa Nevena." Miaka sita hapa, na sina jina! Pandelis akasimama, akavua kofia, akaniuliza kwa Kigiriki cha polepole, kidole juu ya daftari, mbele ya wote, kama napenda anisomee yaliyobaki.

Nikajibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Ne! Ne!" Na kichwa nikakiinua na kukishusha kwa nguvu, kama tukataavyo kwetu.

Kwetu "ne" ni hapana. Kwao "ne" ni ndiyo. Na kichwa kile, kwao, ni ndiyo pia. Nimekubali kwa ulimi na kwa shingo.

Akanyoosha mkono kwa upole akalichukua daftari kwapani mwangu. Nikavuta. Akashangaa, akashika zaidi lisianguke. Nikavuta tena. Ukurasa wa mwisho ukachanika, ukazunguka hewani, ukatua ndani ya jagi la maji.

Wino wa Nevena ulikuwa wa bei rahisi. Nilisimama pale nikiona maji yanageuka buluu.

Pandelis aliuopoa, akaukausha kwa shati lake, tumboni, taratibu, kama anayemfuta mtoto. Haukuwa na kitu tena. Akaomba radhi. Nikamwambia hili halitaishia hapa. Nikarudi nyumbani nikauweka ukurasa mahali pake. Sasa ni kurasa arobaini na mbili na moja nyeupe.

Jumatano, 26 Oktoba

Sikukuu ya Mtakatifu Dimitrios, mlinzi wa mji. Kengele tangu alfajiri. (Barua ya kumi na nane kwa manispaa?)

Bi Evanthia amepiga hodi. Ana duka la uzi na vifungo mtaa wa nyuma. Nevena alimuuguza mama yake mpaka mwisho, kabla mimi sijahamia huku. Amekuja kusema kwamba ngano ya arobaini, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, ataichemsha yeye. Nilikataa kwa mikono. Ngano ya marehemu wangu, kwa desturi yangu! Akauliza kwa mikono kama najua kuchemsha ngano. Nikasema kwa mikono kwamba suala ni la haki, si la mapishi. Akapima ukubwa wa meza yangu kwa kiganja akaondoka. Wao huweka lozi, zabibu kavu, komamanga, na juu sukari ya unga nene kama theluji. Nimeonyesha kidole kimoja: sukari kidogo! Sidhani alielewa.

Lakini leo sikupoteza siku. Nimekwenda kusimama mlangoni mwa kanisa kuu na kusikiliza. Watu wakitoka wanapeana mikono na kuambiana: "Ke tu hronu!" Wazee, masista, polisi, wote. Ndani ya mkahawa, hivyo hivyo. Hitimisho la kisayansi: hilo ndilo neno la heshima la mlangoni mwa kanisa. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo mara sitini. Jumapili watu wakinipa mkono nitawajibu kwa lugha yao, lafudhi safi, na Pandelis atasikia kama mtu wa hamsini na sita anajifunza au hajifunzi.

Ijumaa, 28 Oktoba

Leo taifa zima linaadhimisha neno "Hapana". Kweli! Mwaka fulani walimwambia mvamizi hapana, na tangu hapo neno hilo lina gwaride, bendi na likizo. Kwa mara ya kwanza nimewapenda watu hawa. Nimemwambia Nevena hivyo, kwa sauti, jikoni. Halafu nikakumbuka.

Nimesoma mstari wangu wa kwanza bila msaada! Kwa kamusi ndogo ya mitumba, saa nne nzima. Jina langu, kisha kikanushi (bila shaka, leo ni siku yake), kisha kitenzi. "Gencho hajui."

Hajui nini? Kamusi imeishia hapo. Sijui mimi nini? Naweza kutaja vitu vichache sana nisivyovijua.

Zimebaki siku mbili.

Jumapili, 30 Oktoba

Watu thelathini na tisa walikuja. Niliwahesabu. Sikujua kwamba Nevena anajua watu thelathini na tisa.

Baada ya ibada nilisimama mlangoni kama ipasavyo. Wakapita mmoja mmoja, mkono, maneno ya chini ya pole. Nami nikamjibu kila mmoja, kifua mbele, "Ke tu hronu!" Mama wa kwanza aliuvuta mkono wake. Wa pili akafanya ishara ya msalaba. Mlinzi wa lango akamtazama padre. Nikadhani ni lafudhi, nikapandisha sauti. "Ke tu hronu! Ke tu hronu!" Foleni ikaanza kusuasua. Padre mwenyewe akakaa na mdomo wazi. Zamu ya Pandelis ilipofika aliniinamia sikioni, akaninong'oneza kwa Kibulgaria chake cha bandarini:

"Jirani, hiyo ni 'mwakani tena'. Unawaambia watu tumzike tena mwakani."

Nikauachia mkono wake.

Ndipo nikasikia kicheko. Bi Evanthia, ameshika nguzo ya kanisa, sinia la ngano mkono mmoja, anacheka mpaka sukari inamwagika kwenye viatu vyake. Nilitaka kumtukana. Kisha nikaona machozi. Akaja akanishika kiwiko, akasema polepole, kwa maneno madogo madogo, jinsi anavyosemeshwa mtu anayejifunza. Nikaelewa yote. Alisema: Nevena naye. Arobaini ya mama yangu, mlango huu huu, foleni nzima, "mwakani tena, mwakani tena". Padre ndiye aliyeanza kucheka. Tangu siku ile tukawa ndugu.

Mke wangu alifanya kosa hili hili, na hakuwahi kunisimulia. Angelinisimulia, ningefanya nini? Ningemweleza wakati ujao wa kitenzi.

Katika ukumbi wa kanisa wakatoa kahawa chungu na brandi. Nikaweka daftari mezani. Nilimwambia Bi Evanthia asome. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika, sikujua hilo pia. Jambo la kwanza alilosema: P. si mtu. P. ni Alhamisi. Kwa Kigiriki Alhamisi inaanza kwa P.

Pandelis alikuwa amekaa mbele yangu na kofia magotini. Sikumwangalia.

Basi Bi Evanthia akasoma, na Pandelis akatafsiri kwa lugha aliyo nayo, ya mizigo na winchi. Naandika alivyosema:

"Kila Alhamisi, kimya, gatini. Gencho hajui. Nevena amwambia kazi inaisha saa kumi na mbili. Kazi yaisha saa kumi. Kwa saa mbili anatia nanga hapa. Hapa anashusha mzigo. Kigiriki chake kibovu, watu wanapokea mzigo hivyo hivyo, wanasema asante. Nyumbani kila mzigo unarudishwa. Nyaraka zina kosa."

Nilimsahihisha. Nilimwambia si "unarudishwa", hapo inafaa "unakataliwa". Bi Evanthia akalifunga daftari juu ya kidole chake, akanitazama. Nikasema aendelee. Akafungua tena.

Zilikuwa kurasa arobaini na mbili za Alhamisi. Meli iliyoingia, mvua, mzee fulani aliyempa korosho, Pandelis aliyempungia mkono toka juu ya winchi enzi zake na akapunga naye. Hasira hakuna. Hilo ndilo lililonichosha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Mahali pamoja tu anasema hanichukii, anachoka. Na ukurasa wa arobaini na mbili anasema hivi, na Pandelis alitafuta maneno ya bandari hakuyapata, akasema kwa shida: angependa Gencho aje siku moja akae hapa kwa saa mbili. Asiseme. Si adhabu. Aone tu anachoona yeye.

Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe. Wote watatu tuliutazama.

Nimerudi na sinia la ngano iliyobaki. Sukari nyingi mno. Nimeila yote.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimekwenda. Asiseme mtu kwamba sikwenda.

Saa kumi kamili, gati la kwanza, kwenye benchi la mbao mbele ya maghala ya zamani. Bahari kijivu, winchi zimesimama, mlima ng'ambo umejificha. Nikakaa. Nikanyamaza. Saa kumi na dakika saba, bwana mmoja wa benchi la pili akamwambia mkewe, kwa kidole na kwa maneno ninayoyajua sasa, kwamba ule mnara mweupe wa pwani umekuwa mweupe tangu ujengwe. Nikajizuia. Akaongeza kwamba ulijengwa na Waveneti. Nikajizuia! Mkewe akasema, "Kumbe!" Hapo ustahimilivu wa mwanadamu una kikomo. Nikasimama nikasema, kwa Kigiriki, sentensi yangu kamili ya kwanza katika miaka sita: "Si kweli." Nikaendelea kwa Kibulgaria. Walichukua mwavuli wao wakaondoka.

Saa kumi na dakika kumi na tisa. Nikabaki peke yangu, na kimya kikarudi, na kilikuwa na uzito wa ajabu, kama mtu ameketi kando yangu na anasubiri. Niliweza dakika nne. Nikafungua daftari ili nisiwe peke yangu nacho. Na naona nini? Neno "bahari" ameliandika kwa namna mbili katika ukurasa mmoja! Hata mimi, mwanafunzi wa wiki mbili, nimeliona! Nikatoa kalamu. Nimeweka alama pembeni, ndogo, kwa heshima. Kufika saa kumi na moja nilikuwa na alama kumi na nne, nikahamia kwenye maudhui. Kurasa sita za majibu yangu, mbele na nyuma, mpaka taa za gati zikawaka.

Maana lazima ajibiwe. Alisema mzigo wake ulirudishwa. Napinga! Hakuna aliyeupokea mzigo wa Nevena kwa uangalifu kuliko mimi. Wao walisema asante bila kufungua. Mimi nilifungua kila sanduku. Kila neno lake la miaka thelathini na moja nililisikia, kila moja, mpaka kiambishi chake, na hiyo kama si mapenzi, basi aniambie yeye mwenyewe mapenzi ni nini. Hawezi kuniambia. Basi lazima mwingine aseme.

Kwa hiyo nawaamuru ninyi: Bi Evanthia wa duka la vifungo, uliyemfundisha kuandika, Pandelis wa ghorofa ya chini, uliyempungia mkono, padre, muuza samaki, mlinzi wa lango, na kila mmoja wa wale thelathini na tisa aliyekula ngano yake. Alhamisi ijayo, saa kumi kamili, gatini. Mtakaa kwa mstari. Mtanyamaza kwa saa mbili, nami nitasoma majibu yangu kwa Nevena, hoja kumi na moja. Nikimaliza, mmoja wenu asimame anibishie. Yeyote. Msiniache nimeshinda.